Kiti cha Nyuma

Kizuri chajiuza, husema watu wasiouza kitu.
Hiki kilisuguliwa siku tatu kwa pamba na nta
hadi bampa ikaiteka sura yangu, mashavu yamepanuka,
na nyuma yangu miti ya Mtaa wa Lagrange
ikipukutisha Oktoba yake yote juu ya Toledo.

Pontiac ya hamsini na nane, rangi ya feruzi,
mapezi nyuma kama ya kolekole.
Bwana Delbert Kuczynski amelijenga upya kwa miaka kumi na tisa
katika banda lisilo na joto,
bolti kwa bolti, kila jamii kwenye kopo lake la kahawa
lenye jina kwa mwandiko wa mkewe.
Bernadine aliandika makopo yote.
Hakukaa kuiona bolti ya mwisho ikirudi.

Mimi nilishona paa na viti.
Leo nimeitwa kwa kazi moja: kulikunja paa mbele ya mnunuzi,
maana vidole vya Delbert vimepinda kama tangawizi
na havifungui tena komeo.

Mnunuzi katoka Arizona na trela,
Bwana Hollis, viatu vyeupe, kioo kwenye fimbo.
Akakipitisha chini ya tumbo la gari
kama daktari wa meno.
Akauliza kutu. Hakuna.
Akauliza injini. Delbert akaiwasha,
ikakohoa mara moja, ya adabu, kisha ikatulia
ikasema lile neno lake refu lisilo na irabu.

"Litakaa ndani," akasema Hollis, "juu ya marumaru.
Sitaliendesha. Kila maili ni pesa inayovuja."
Delbert akatazama upande wa ziwa,
ambalo toka pale halionekani.

Nikafungua makomeo. Paa likainuka,
likasita hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
likajilaza nyuma ya viti, mshono juu ya mshono.
Hollis akasahau bei. Akaingia kiti cha nyuma
akarukaruka, mtu mzima na ndevu zake.

Kli.

Akaruka tena.

Kli.

Hapa lazima nirudi Machi,
nilipokichana kiti cha zamani,
na katika manyoya ya farasi na springi zilizochoka
nikakuta pini ya nywele, senti tatu,
kifungo cha koti la mtoto,
na ufunguo mdogo usio wa mlango wowote.
Nikavipanga kwenye leso, nikampelekea.
Alivitazama hadi kahawa yake ikapoa.
Hakusema ni vya nani, wala mtoto yupi,
na nyumba ile haina picha ya mtoto hata moja.
Alisema tu: "Virudishe vilipokuwa."

Nikavirudisha. Ufunguo niliuviringishia pamba,
lakini pamba nayo husinzia.

"Kuna kitu humu," akasema Hollis.
Delbert hakunitazama. Nami nikawa na shughuli kubwa
ya kung'oa uzi ambao haukuwepo.
"Gari kuukuu," akasema. "Lazima liseme."

Hollis akapunguza dola mia nne kwa ajili ya sauti ile.
Delbert akakubali upesi mno,
kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Walipoondoka, trela ilidunda kwenye reli ya Mtaa wa Manhattan,
nasi tukanyamaza wote wawili, tumeinamisha vichwa,
ingawa kwa umbali ule
hakuna sikio.

Kisha akaniuliza kama nataka makopo.
Yalikuwa mengi, matupu, yamepangwa rafuni.
Nikachukua moja: *bawaba, mlango wa kushoto*,
herufi zimelala kidogo kulia,
kama mwandishi alikuwa akiharakia jiko.
Sasa natilia sindano humo.